Kichupa cha Matone Kwenye Basi la Bariadi

Wiki hii naomba tuzungumze juu ya kichupa kimoja kidogo. Kichupa hiki hununuliwa Kariakoo, au pale Mwanza mjini karibu na stendi, kikafungwa kwenye karatasi, akakabidhiwa kondakta wa basi pamoja na namba ya simu ya mpokeaji, na kesho yake kikawa kimefika Bariadi. Ndani yake mna dawa ya matone ya macho. Aliyekituma ni mtoto, au mjomba, au shemeji aliyeko mjini, ambaye alipigiwa simu akaambiwa kwamba fulani huko nyumbani macho yanamsumbua, haoni vizuri. Ametoa fedha yake kwa moyo mweupe, pengine ameikopa. Na mara nyingine ametuma kitu ambacho hakiwezi kufika mahali ugonjwa ulipo.

Nasema mara nyingine, sisemi kila mara. Kama jicho limeingiwa na vijidudu vya kawaida, linatoa tongotongo na kope zinagandana asubuhi, matone yanaweza kusaidia. Lakini yako magonjwa ambayo huvimbisha jicho kwa ndani, kule nyuma kabisa, kwenye utando uitwao retina. Hayo ndiyo ninayotaka tuyatazame leo, kwa sababu tunayachanganya na yale ya mbele, na kwa kuyachanganya huko watu wanapoteza macho ambayo yangeweza kuokolewa kwa dawa ambazo nyingi ziko humu humu nchini.

Tuelewane kwanza jinsi jicho lilivyo. Ni kama chumba cha mviringo. Mbele pana dirisha, na katikati ya dirisha pana tundu jeusi tunaloliita mboni. Ukuta wa nyuma umetandazwa retina, utando ambao unene wake haufiki nusu milimita, na huo ndio unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Katikati ya retina pana sehemu ndogo ya milimita chache iitwayo makula. Ni kwa sehemu hiyo ndogo tunasoma, tunapitisha uzi kwenye tundu la sindano, tunatambua noti ya elfu 10 na ya elfu 5, na tunajua kwamba anayekuja ni Mwalimu wala si Mtendaji. Makula ikiungua, jicho litabaki lakini litaona kingo tu za mambo.

Sasa dondosha tone la dawa katika jicho hilo. Sehemu kubwa itatiririka shavuni. Nyingine itapita katika tundu la machozi, iingie puani na ifike kooni, ndiyo maana mtu akitiwa dawa ya macho husema anasikia uchungu mdomoni. Kidogo kinachobaki huingia chumba cha mbele. Kule nyuma kwenye retina hufika kiasi hafifu mno, ambacho kwa maradhi mengi ninayoyazungumzia hakitoshi kitu.

Katika nchi ya Wasukuma jicho lina historia nzito, na sipendi kuipita kimya kimya. Shinyanga, Mwanza na huko ambako tangu mwaka 2012 tunakuita Mkoa wa Simiyu, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na moja ya mambo yaliyochukuliwa kuwa ushahidi ni wekundu wa macho yao. Chanzo cha wekundu huo wala si siri: ni miaka 40 au 50 ya kuinama juu ya moshi wa kuni, na pale miti ilipokwisha, moshi wa samadi ya ng'ombe. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha tulivyozoea kulisoma jicho kwa nje. Likiwa jekundu, kila mtu analo neno la kusema. Jicho ambalo ni jeupe pe, halitoi chozi, haliumi, na huku ndani yake retina inateketea, hilo hakuna anayelitilia mashaka, hata mwenye jicho mwenyewe.

Chukua mfano wa kijana wa miaka 24, mkulima wa pamba upande wa Itilima. Ni mfano tu ninaoutunga, lakini daktari yeyote wa macho wa Kanda ya Ziwa atakwambia kwamba anamfahamu. Kijana huyu anaanza kuona vitu vidogo kama nzi vikielea mbele yake. Akigeuza jicho navyo vinageuka. Anapuuza. Baada ya siku chache unakuja ukungu, lakini kwa kuwa ni jicho moja tu, lile lingine linambebea kazi, naye haoni tofauti kubwa. Anakuja kugundua siku anapopepeta mtama, vumbi limeingia katika jicho zima, amelifumba, na ghafla dunia yote imekuwa moshi. Anakwenda duka la dawa. Anapewa kichupa. Wiki 2 zinapita. Anapewa kichupa kingine, cha bei kubwa zaidi. Anashauriwa kwenda kwa mganga wa jadi, naye anakwenda, na huko kuna dawa ya kudondoshea vile vile, ya majani, ambayo inaweza kumletea kidonda upande wa mbele juu ya ugonjwa alio nao nyuma. Anapofika hospitali mjini Bariadi mwezi wa 3 umeingia, na retina ina kovu katikati. Kovu la retina haliondoki. Hakuna operesheni ya kulitoa, na miwani haisaidii.

Je, nini kingefanyika katika ile wiki ya kwanza? Jibu ni rahisi kulisema: mtu angetazama ndani.

Mjerumani mmoja, Hermann von Helmholtz, alitengeneza chombo cha kutazama ndani ya jicho la mtu aliye hai mwaka 1850, akakitangaza mwaka uliofuata. Kinaitwa ofthalmoskopu. Kabla ya hapo waganga waliijua retina kwa kupasua macho ya maiti. Ni zaidi ya miaka 170 sasa, na chombo hicho si cha ajabu tena. Ni tochi ndogo yenye lenzi. Siku hizi kuna aina nyepesi inayoingia mfukoni na kuchajiwa kwa jua, iitwayo Arclight, iliyoendelezwa katika Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskochi kwa kuzifikiria hasa nchi kama zetu. Hata simu ya mkononi, ikisaidiwa na lenzi inayofaa, inaweza kupiga picha ya retina, na picha hiyo ikamfikia daktari bingwa wa Mwanza kabla chai haijapoa.

Lakini kutazama ndani ya jicho kupitia mboni ya kawaida ni kama kuchungulia ghala kwa tundu la ufunguo. Hapana budi mboni ipanuliwe. Zipo dawa za matone kwa kazi hiyo, kama vile tropikamaidi, na baada ya nusu saa hivi tundu linakuwa pana na mganga anaona ukuta wa nyuma. Kwa hiyo, kama kuna kichupa kimoja kinachostahili kuwapo katika kila hospitali ya wilaya na kila kituo cha afya chenye mtu aliyefundishwa kukitumia, ni hicho. Chenyewe hakitibu chochote. Kinafungua mlango tu, na kila kitu kingine kinaanzia hapo.

Akishatazama, mganga ataona nini? Hapa naomba uvumilivu, maana visababishi ni vingi, na matibabu ya kimoja ni sumu kwa kingine.

Kinachonifanya nikae zaidi ni kimelea kiitwacho toksoplazma. Kiligunduliwa mwaka 1908, huko Tunis na huko Brazili karibu wakati mmoja. Mwaka 1923 daktari wa Prague, Josef Janků, alieleza kukuta vifuko vya kimelea katika retina ya mtoto, na mwaka 1952 mwanamama wa Marekani, Helenor Wilder, akakiona katika macho ya watu wazima yaliyokuwa yameondolewa. Ilibaki mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo ilipofahamika kwamba mwenyeji wake halisi ni paka. Paka mchanga akila panya mwenye kimelea, kwa wiki moja au mbili hutoa mamilioni ya mayai yake katika kinyesi, na mayai hayo hukaa katika udongo wenye unyevu hata mwaka mzima na zaidi. Kutoka hapo yanaingia katika mboga, katika maji, na katika mbuzi, kondoo au nguruwe aliyekula majani hayo. Binadamu humeza ama mayai yenyewe ama nyama isiyoiva.

Simiyu ni nchi ya mifugo na ni nchi ya nafaka. Penye nafaka pana panya, na penye panya hapana budi pawe na paka. Sisemi paka wafukuzwe. Mkulima aliyepoteza gunia zima la mahindi kwa panya hatanisikiliza, naye atakuwa na haki. Nasema mikono ioshwe baada ya kushika udongo, mboga zioshwe, maji yachemshwe, na nyama ichomwe mpaka ndani, hata kama wapenzi wa mishikaki watanuna. Mama mjamzito ajihadhari zaidi, kwa sababu kimelea akikipata mara ya kwanza akiwa na mimba kinaweza kumfikia mtoto na kukaa katika macho yake na ubongo wake.

Tusidhani ni habari za mbali. Watafiti waliwapima wanawake wajawazito 350 mjini Mwanza, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba karibu 31 katika kila 100 walikuwa wamewahi kuambukizwa. Utafiti wa Dar es Salaam uliotolewa mwaka 1995 ulikuta 35 katika 100. Hii haina maana kwamba wanawake hao walikuwa wagonjwa. Wengi wetu tulio na kimelea hiki tutakufa nacho bila kukijua. Lakini kwa wachache kinaamka katika retina, na wachache wa kundi kubwa si wachache tena. Huko London, mwaka 1995, madaktari walieleza kwamba watu weusi waliozaliwa Afrika Magharibi walikuwa wakiugua toksoplazma ya jicho mara nyingi zaidi, kwa tofauti kubwa mno, kuliko wazaliwa wa Uingereza. Kwa hiyo ugonjwa ambao katika vitabu vya Ulaya umeandikwa kuwa ni wa nadra, kwetu unadra wake unaweza kuwa ni unadra wa kutazamwa.

Kwa mganga mwenye uzoefu sura yake inatambulika: doa jeupe linalong'aa nyuma ya ukungu, mfano wa taa ya gari inayokuja katika ukungu wa asubuhi, na aghalabu pembeni yake pana kovu la zamani jeusi, alama kwamba adui aliwahi kupita hapo. Na dawa? Mojawapo ni Septrin. Naam, vile vidonge vikubwa vyeupe tunavyovifahamu sote. Utafiti uliofanywa Iran na kutolewa mwaka 2005 uliilinganisha Septrin na dawa za kale zilizosifiwa zaidi, na matokeo yakakaribiana. Huko Erechim, kusini mwa Brazili, mahali ambapo ugonjwa huu ni mwingi kupita kiasi, wagonjwa 124 waligawanywa makundi mawili. Waliopewa Septrin kila baada ya siku 3 kwa miezi 20, ugonjwa uliwarudia watu 4 kati ya 61, na wasiopewa ukawarudia 15 kati ya 63. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2002. Yaani silaha ipo, ni ya bei ndogo, na imo katika makabati ya zahanati zetu. Kinachokosekana ni mtu wa kusema: huyu anayo toksoplazma, mpeni. Nisieleweke vibaya: sisemi kila mwenye ukungu machoni akanunue Septrin. Wako wanaodhurika nayo vibaya, ngozi ikababuka, na kama ugonjwa ni mwingine atakuwa amepoteza siku za thamani.

Maana ugonjwa unaweza kuwa kaswende. Waganga wa zamani waliiita kaswende mwigaji, kwa kuwa huweza kuvaa sura ya maradhi karibu yote, na katika retina huvaa sura zaidi ya moja. Ni katika magonjwa machache ya retina yanayopona kabisa yakiwahiwa: penisilini kwa mshipa, siku 10 hadi 14, hospitalini. Kipimo chake cha haraka kinatumika katika kliniki za wajawazito. Kipimo hicho hubaki chanya hata kwa mtu aliyekwisha kutibiwa zamani, hivyo maabara lazima iongeze kipimo cha pili. Lakini la kwanza ni kupima, na hapa tuna tatizo la adabu. Mganga kijana anaona haya kumwambia mzee wa kanisa au shehe kwamba anataka kumpima kaswende na virusi vya UKIMWI kwa sababu ya jicho. Kipimo si tuhuma. Mwenye retina iliyovimba apimwe vyote viwili, awe nani awe nani.

Unaweza kuwa kifua kikuu, ambacho huingia katika macho hata ya mtu asiyekohoa. Huyo atahitaji dawa za kifua kikuu kwa miezi, na hapo pana mtego mwingine: moja ya dawa hizo, ethambuto, yenyewe inaweza kudhuru mshipa wa jicho, na dalili ya mwanzo huwa ni rangi nyekundu na kijani kufifia. Unaweza kuwa virusi. Kwa mtu ambaye UKIMWI umekwisha kumaliza kinga yake, kuna virusi vinavyoitwa saitomegalo vinavyoila retina kidogo kidogo. Tangu dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004 njia bora ya kuvizuia imekuwa ni kuanza dawa hizo mapema na kutoziacha. Na kuna virusi vile vile vinavyoleta mkanda wa jeshi, ambavyo vikiingia katika retina huweza kuiua kwa siku chache. Hapa hapana habari ya kusubiri gari la Jumatatu. Asaikloviri ianze siku ile ile.

Halafu lipo kundi la pili, ambalo halina kijidudu chochote. Kinga ya mwili, ambayo ni askari wetu, inageuka na kushambulia nyumba iliyowekwa kuilinda. Mturuki Hulusi Behçet alieleza mwaka 1937 ugonjwa wa namna hii unaoleta vidonda vya mdomoni na sehemu za siri pamoja na kuvimba kwa macho. Kuna mwingine wenye majina matatu, Vogt, Koyanagi na Harada, unaoshika macho yote mawili, na kuleta maumivu ya kichwa, mlio masikioni, kisha mabaka meupe katika ngozi na mvi katika kope za kijana. Mtu wa namna hiyo kijijini, ghafla haoni na ngozi inabadilika rangi, hebu fikiri mwenyewe atasemwa amefanywa nini.

Na upo mmoja ambao wafugaji na wakataji miti wanapaswa kuusikia. Jicho moja likichomwa na mwiba, kijiti au chuma mpaka kupasuka, baada ya wiki, miezi, au hata miaka, jicho la pili ambalo halikuguswa linaweza kuvimba kwa ndani na kupofuka. Ni nadra kweli kweli, lakini hutokea. Inaaminika kwamba ndivyo alivyopofuka Louis Braille wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1809. Akiwa na miaka 3 alijichoma jicho moja katika karakana ya baba yake, mtengeneza matandiko ya farasi, na alipofika miaka 5 alikuwa haoni kwa macho yote mawili. Baadaye ndiye aliyebuni maandishi ya nukta nundu ambayo watoto wetu wasioona wanayasoma hadi leo. Kwa hiyo mtoto aliyechomwa mwiba jichoni asiambiwe kwamba bado analo la pili. Apelekwe hospitali siku hiyo, na miaka inayofuata akisema lile jicho zima linaona ukungu au linaogopa mwanga, asikilizwe mara moja.

Kundi hili la pili ndilo linalotibiwa kwa dawa za kutuliza kinga, na hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Mwaka 1948 huko Marekani Philip Hench na wenzake walimpa mgonjwa wa baridi yabisi dawa mpya, kotisoni. Mgonjwa aliyekuwa hawezi kujigeuza kitandani akainuka na kutembea. Miaka 2 baadaye kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Nobel. Dawa za jamii hiyo, steroidi, ndizo tunazozijua leo kwa majina ya prednisoloni na deksamethasoni, na kwa jicho lililovimba bila kijidudu ni mkombozi. Lakini mpe huyo huyo prednisoloni peke yake mwenye toksoplazma, au kaswende, au virusi, na utakuwa umewafunga mikono askari huku mwizi yumo ndani. Kwa siku 2 au 3 mgonjwa atasema ana nafuu. Kisha retina itakwenda yote.

Hivyo basi mpango wa kazi haubadiliki, uwe Bariadi au Boston: tazama kwanza, pima kaswende, virusi vya UKIMWI na kifua kikuu, kisha ndipo steroidi, na kama kijidudu kipo dawa yake itangulie. Hili ni jambo la kufundishika kwa siku moja. Nashangaa kwa nini tunakubali kwamba matone yenye deksamethasoni yauzwe kama pipi katika maduka ambayo muuzaji hana hata tochi. Matone hayo hayafiki kwenye retina kwa kiasi cha kuiponya, kama nilivyosema, lakini kwa upande wa mbele yanafika sana: yakitumiwa miezi huleta mtoto wa jicho na huongeza presha ya jicho mpaka mshipa ukafa. Mtu anaingia na ugonjwa mmoja, anatoka na mitatu.

Wenye ugonjwa wa muda mrefu hawawezi kuishi kwa prednisoloni; itawaharibia mifupa, sukari na tumbo. Ulaya na Marekani kuna sindano za kisasa, kama adalimumabu, ambayo ilikubaliwa Marekani kwa magonjwa haya mwaka 2016, na bei yake si ya kutajwa mbele ya mkulima wa pamba. Lakini kuna kidonge cha zamani kiitwacho methotreksati. Uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa, India ikiwamo, na kutolewa mwaka 2019, ulikilinganisha na dawa ya gharama kubwa zaidi, na hakikushindwa. Kinamezwa mara moja kwa wiki, nasisitiza kwa wiki, kwani waliokimeza kila siku kwa makosa wamekufa. Mjamzito haruhusiwi. Damu na ini lazima vipimwe kila baada ya muda. Vipimo hivyo vinafanyika katika maabara ya kawaida ya hospitali.

Nirudi kwa wenye mamlaka. Mwaka 1999 dunia ilizindua mpango wa kuondoa upofu unaozuilika ifikapo mwaka 2020. Orodha yake kwa nchi kama yetu ilitaja mtoto wa jicho, vikope, usubi, upofu wa watoto na upungufu wa miwani. Ilikuwa orodha nzuri, na watu wengi wanaona leo kwa sababu yake. Kuvimba kwa retina hakukuwamo. Nadhani sababu inaeleweka: mtoto wa jicho unahesabika, leo tumetoa 60, kesho tutatoa 80. Mgonjwa wa retina ni mmoja, anahitaji kutazamwa mara 10, na mwisho wake hana bandeji ya kufunguliwa mbele ya mgeni rasmi. Mpango huo huo uliweka kwa Afrika lengo la daktari bingwa mmoja wa macho kwa kila watu 250,000. Simiyu, kwa sensa ya mwaka 2022, ina watu zaidi ya milioni 2. Piga hesabu mwenyewe: ni mabingwa 8.

Mimi sitaanza kwa kudai mabingwa 8. Nitadai kwamba katika kila wilaya kati ya zile 5, yaani Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, pawe na mtu mmoja, awe muuguzi wa macho au tabibu, mwenye ofthalmoskopu inayofanya kazi, betri zake, matone ya kupanua mboni ambayo muda wake haujapita, na namba ya simu ya daktari wa macho wa Bugando inayopokelewa. Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 iwe hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa nzima. Barua ya rufaa iandikwe siku hiyo hiyo, na iandikwe kwa maneno yanayosema kitu. Barua yenye maneno mawili tu, haoni vizuri, inamrudisha daktari wa Mwanza mwanzo. Bajeti ya haya yote, halmashauri ikitaka, haifiki bei ya gari moja.

Na wewe uliyeko mjini, unayepigiwa simu usiku? Kabla ya kwenda dukani muulize maswali machache huyo wa upande wa pili. Mwambie afumbe jicho moja, kisha jingine: je, yanaona sawa? Anaona vitu vinavyoelea? Fremu ya mlango anaiona imenyooka au imepinda? Je, ilianza ghafla, katika siku au wiki? Akisema jicho moja limefifia kwa siku chache, hata kama haliumi na ni jeupe, usinunue matone. Mwambie aende hospitali ya wilaya kesho, achukue na vichupa vyote alivyokwisha kutumia, hata vilivyo vitupu, ili majina ya dawa yaonekane. Akipewa rufaa, atapita Lamadi na Magu mpaka Mwanza.

Hapo sasa tuma fedha. Tuma nauli ya watu wawili, kwa sababu mtu aliyepanuliwa mboni haoni vizuri kwa saa kadhaa na mwanga wa jua humchoma. Hawezi kuvuka barabara za Mwanza peke yake. Na weka akiba ya nauli nyingine kama hiyo kwa ajili ya kurudi baada ya wiki moja. Wengi wetu tunaichangia safari ya kwanza kwa wingi, halafu ya pili inakosa mtu. Mgonjwa aliyeanzishiwa prednisoloni lazima aonekane tena, dozi ishushwe hatua kwa hatua, presha ya jicho ipimwe, na jicho litazamwe kama doa linapungua au linapanuka. Safari hiyo ya pili bado haina mtu wa kuichangia.